Mkojo Uliozibwa Tumboni: Kizibo Hutoka Wapi?

Siku ya Figo Duniani huadhimishwa kila Machi na, kama ada, habari hujaa mashine za kusafisha damu: zimenunuliwa ngapi, zimefungwa wapi, mgonjwa atalipa nini. Juu ya mtoto wa kiume anayezaliwa na kizibo katika mrija wa mkojo, ambaye huenda akaifikia mashine hiyo kabla hajamaliza shule, sisikii neno. Leo tutafute chanzo cha kizibo hicho.

Kizibo hiki kilielezwa mapema na Giovanni Battista Morgagni wa Padua, Italia, mwaka 1717. Mzee huyu nampenda mno. Wakati waganga wa Ulaya wakihubiri kwamba maradhi ni majimaji ya mwili kwenda kombo, yeye alipasua maiti na kuuliza: ugonjwa ulikaa wapi hasa? Majibu ya maisha yake aliyachapisha mwaka 1761, akiwa na miaka 79. Laiti wasemaji wetu wa leo wangekuwa na nusu ya subira hiyo!

Mwaka 1919, kule Baltimore, Marekani, Hugh Hampton Young na wenzake waliviainisha vizibo hivyo katika aina tatu. Aina ya kwanza ndiyo iliyo nyingi kupita zote: mikunjo miwili ya utando inayoanzia pale mrija unapopita kwenye tezi dume, ikashuka na kukutana mbele. Mkojo ukitoka kibofuni, mikunjo hutuna na kufunga njia. Lakini mpira wa daktari ukiingizwa kutoka nje mara nyingi hupita bila taabu. Ndiyo maana mpira kupita si ushahidi kwamba njia ni salama.

Mikunjo hiyo inatokana na nini? Hapa lazima tumtaje Caspar Friedrich Wolff, Mjerumani aliyechunguza vifaranga ndani ya mayai na kuandika mwaka 1759 kwamba viungo hujengeka hatua kwa hatua. Mirija ya kijusi yenye jina lake ndiyo baadaye hupitisha mbegu za kiume. Wataalamu wengi huona kwamba miisho ya mirija hiyo ikijishikiza mbele kupita kiasi, alama za njia yake, ambazo zingebaki vijistari vyembamba, hubaki tando nene. Aina ya tatu huaminika kuwa mabaki ya utando uliopaswa kutoboka wote.

Vizuizi vingine havina utando. Pale figo inapoungana na mrija wake, misuli iliyopangika vibaya hushindwa kuusukuma mkojo, au mshipa wa damu hupita juu ya mrija na kuukunja. Kuna pia urithi. Daktari Bernardo Ochoa wa Kolombia alieleza watoto ambao wakicheka uso hukunjamana kama wanalia, na vibofu vyao havimwagi mkojo sawasawa. Mwaka 2010 watafiti walitambua kwamba chanzo cha hali hiyo ni kasoro katika jeni iitwayo HPSE2. Hata hivyo, kwa watoto wengi wenye kizibo haijapatikana jeni moja ya kulaumiwa.

Katika haya yote, jicho la jirani liko wapi? Laana ya ukoo je? Mambo haya hutokea mimba ikiwa changa, na mwanamume anayemsimanga mkewe kwa ajili ya hayo anaonyesha ujinga wake mwenyewe.

Nafasi imeniishia, basi niseme lililo muhimu. Ultrasaundi ya katikati ya ujauzito inaweza kuonyesha kibofu kilichojaa na figo zilizovimba. Maji ya uzazi yakipungua sana, mapafu ya mtoto hayakui vema. Akizaliwa, kizibo hukatwa kwa kifaa chembamba kinachopitishwa ndani ya mrija. Wazazi na wakunga, tazameni mtoto wa kiume anavyokojoa. Mkojo ukidondoka matone badala ya kuruka, tumbo likawa gumu chini ya kitovu, au homa zikamrudia, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.