Hasira hasara: kipi kilitangulia?

Siku hizi ukipandisha sauti kidogo tu, utaambiwa, "Punguza makasiriko." Wapo wanaolitupa neno hilo jaani. Mimi silitupi. Kama sikitika huzaa masikitiko, kasirika kuzaa makasiriko ni kanuni ile ile. Linalonikera ni kazi tunayolipa: kumziba mdomo mwenye kulalamika, awe na haki au asiwe nayo.

Wazee nao wana kizibo chao: hasira hasara. Nilikisikia Kulamawe, Isiolo, kwenye foleni ya maji. Mama mmoja alimfokea kijana aliyesogeza mtungi wake, kitu kidogo kabisa. Mzee akamtuliza kwa methali hiyo. Mama akajibu, "Hasara ndiyo ilianza, baba. Mbuzi wangu wameisha wote." Kaskazini mwa Kenya, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha.

Historia ya maneno inamuunga mkono mama huyo. Hasira tuliitohoa kutoka Kiarabu, ambako hasra ni majuto, huzuni ya mtu aliyepotewa na kitu. Hasara inatokana na mzizi mwingine, wenye kh mwanzoni. Waswahili walipozilainisha sauti hizo mbili zote zikawa h, na methali ikapata mlio wake mtamu. Mlio huo ndio unaotufanya tuamini kwamba daima hasira hutangulia na hasara hufuata.

Hamaki je? Hii ina mzizi mmoja na neno la Kiarabu lenye maana ya mpumbavu. Huyu ndiye yule anayewaka kwa sababu chai imechelewa dakika mbili. Methali ya wazee ingemfaa yeye zaidi. Najua maana za maneno huhama, na asili ya neno haiwezi kutuamulia matumizi ya leo. Lakini tofauti hii bado tunaihitaji, na shuleni tunaifuta: hasira, hamaki na ghadhabu hufundishwa kama visawe, mwanafunzi akazipanga mstari mmoja na kupewa alama zote.

Kati ya hizo tatu, ghadhabu pekee ndiyo iliyovuka bahari na maana yake kamili. Tumeiweka kwa Mungu na watawala. Sijasikia bado kondakta wa matatu akisemwa kuwa ameshikwa na ghadhabu.