Mwalimu mkuu hawezi kuongeza mshahara, lakini anaweza kuwapa walimu moyo

Mwalimu mkuu wa shule ya umma hana uwezo wa kumwongezea mwalimu mshahara. Katika shule za msingi na sekondari, jukumu hilo ni la Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Elimu ya chekechea nayo ilikabidhiwa serikali za kaunti na Katiba ya 2010.

Hata hivyo, mwalimu mkuu ana usemi mkubwa kuhusu mambo yanayomfanya mwalimu aingie darasani kwa hamu, au afike tu kutia sahihi na kungoja kengele ya jioni. Anayeumia mwalimu akikata tamaa ni mtoto.

Jambo la kwanza ni jinsi kazi ya mwalimu inavyotathminiwa. Tangu 2016, TSC imetumia mfumo wa TPAD, ambapo mwalimu hujiwekea malengo na kutazamwa akifundisha. Zoezi hilo likiwa la kujaza fomu tu, walimu huliona kama mzigo. Mwalimu mkuu akiketi na mwalimu baada ya somo, akamwambia lililofaulu kabla ya kutaja la kurekebisha, tathmini hugeuka kuwa msaada.

La pili ni ruhusa ya kujaribu. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unataka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Mwalimu anayefunza hesabu kwa vizibo vya soda huenda akawa na darasa lenye kelele siku ya kwanza. Akikaripiwa mbele ya wanafunzi, kesho atarudi kwenye chaki na ubao. Akiulizwa alichojifunza na atakachobadilisha, atajaribu tena.

La tatu ni muda wa kushirikiana. Mafunzo ya walimu wa hisabati na sayansi ya SMASSE, yaliyoanza Kenya mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani, yalisisitiza hatua nne: panga, fanya, tazama, boresha. Walimu wawili au watatu huandaa somo pamoja, mmoja akafundisha, wenzake wakatazama, kisha wote wakalirekebisha. Hatua hizi hazihitaji bajeti kubwa. Zinahitaji kipindi kimoja kilichotengwa kwenye ratiba, na ratiba iko mikononi mwa usimamizi wa shule.

Kwamba ubunifu hausubiri utajiri kulionekana katika Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Keriko, Njoro, Kaunti ya Nakuru. Mwalimu wa sayansi Peter Tabichi alishinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mwaka 2019, akifundisha katika shule iliyokuwa na kompyuta moja na intaneti hafifu. Wanafunzi wa klabu yake ya sayansi waliunda kifaa cha kuwasaidia watu wasioona na wasiosikia kupima vitu. Katika shule yoyote, klabu ya aina hiyo huhitaji chumba, saa na baraka za mwalimu mkuu.

La nne ni shukrani, na haki katika kuitoa. Sifa zikienda kila mara kwa walimu wa darasa la mtihani, wanaofundisha watoto kusoma katika gredi ya kwanza huona kazi yao haina thamani. Walimu wengine nao huvunjika moyo wakiona majukumu ya ziada yanawaangukia watu wale wale kila muhula.

Wazazi pia wana nafasi yao. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa wawakilishi wa wazazi viti katika Bodi ya Usimamizi ya shule, pamoja na mwakilishi aliyechaguliwa na walimu. Badala ya kuuliza alama za mtihani pekee, wazazi wanaweza kuuliza: Je, walimu wana muda wa kupanga masomo pamoja? Ni lini mwalimu alipongezwa mara ya mwisho? Ni wazo gani la mwalimu lililojaribiwa muhula huu?

Kwa upande wa chekechea na vyuo vya ufundi vya kaunti, wakazi wanaweza kuwasilisha maoni yao kupitia ofisi ya msimamizi wa wadi.