Kali ya Ndimu, Kali ya Jua

Jioni, kwenye jiko la mahindi ya kuchoma, iwe Mombasa au Dar es Salaam, kazi hufuata mtiririko uleule. Muuzaji analiondoa hindi kwenye makaa, analikung'uta majivu, anachukua nusu ya ndimu na kuichovya kwenye kisahani cha chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga, kisha anaisugua kwenye punje kutoka ncha hadi kitako.

"Nikutie pilipili, dada?"

"Tia, ila isiwe kali sana."

"Na ndimu?"

"Ndimu kamua tu, hata ikiwa kali."

Mteja anaondoka na hindi lenye kali mbili mkononi, na hakuna aliyeshangaa kwamba tunda chachu na kiungo kinachowasha vimepewa sifa moja.

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya ladha. Tamu ni asali na muwa, lakini pia ni wali ulioungwa vizuri kwa nazi. Chungu ni mwarobaini, kwinini, na kahawa ya barazani inayonywewa kwenye kikombe kidogo bila sukari. Chachu ni ukwaju na maziwa yaliyolala. Ukakasi ni ile hali ya ndizi mbichi kuukaza ulimi hadi ukahisi haupindiki. Kali ndiyo iliyojichukulia eneo pana zaidi: ndimu, embe bichi, siki, pilipili, tangawizi, tumbaku, chai iliyozidi majani, na pombe iliyokenekwa. Mkemia akiisoma orodha hiyo atakuta asidi, kapsaisini, nikotini na alkoholi zimekaa benchi moja, na huenda akauliza nani alizipanga.

Walioipanga ni wale wanaokula. Hawakuangalia kitu kimetengenezwa kutokana na nini. Waliangalia kinaufanya nini mwili. Kinachouma, kinachochoma na kinachomfanya mtu afumbe jicho na kuvuta hewa kwa meno ni kali.

Wataalamu wa ladha leo huhesabu ladha za msingi tano: utamu, uchachu, uchumvi, uchungu na umami. Hiyo ya mwisho ilipewa jina mwaka 1908 na Kikunae Ikeda, mkemia wa Tokyo aliyeichuja kutoka kwenye mchuzi wa mwani wa kombu. Pilipili haimo katika tano hizo, na haikusahaulika. Vipokezi vya ladha viko hasa kwenye ulimi na sehemu nyingine za kinywa, na hakuna mtu anayeweza kuonja sukari kwa jicho. Pilipili inajulikana na jicho, na pua, na vidole vya aliyeikatakata akasahau kunawa. Kwa lugha ya maabara, ukali wake ni aina ya maumivu.

Msemaji wa Kiswahili haambiwi hilo likamshangaza, kwa sababu hasemi pilipili "inaonjeka". Anasema inawasha, kitenzi kilekile cha kuwasha moto na kuwasha taa, na cha ngozi yenye upele. Hata methali imeshika njia hiyo: pilipili usiyoila yakuwashiani?

Sababu ya kuwasha ilipatikana mwaka 1997. David Julius na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walikuwa wakitafuta mahali kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili nguvu, inaposhika kwenye mishipa ya fahamu. Wakakipata kipokezi ambacho leo kinaitwa TRPV1. Kisha ikaonekana kwamba kipokezi hicho hakikuwekwa kwa ajili ya pilipili. Kazi yake ni kuutahadharisha mwili na joto la kuunguza, nacho hufunguka joto likifika karibu nyuzi 43 za Selsiasi. Kapsaisini hukifungua bila joto lolote, na ubongo unapokea habari ya moto ambao haupo. Kwa kazi hiyo na nyingine zilizofuata, Julius alipata Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian.

Utafiti ulipoendelea, wageni wengine walionekana wakipita mlango huohuo. Asidi ni mmoja wao. Uchachu wa ndimu una vipokezi vyake vya ladha, lakini asidi ikiwa nyingi, au ikigusa mdomo uliopasuka, TRPV1 nayo huingia kazini. Tangawizi na pilipili manga zina kemikali zake zinazoushika mlango huo. Alkoholi ina mbinu nyingine: hushusha kiwango cha joto kinachohitajika hadi karibu nyuzi 34. Kwa kuwa mwili wa binadamu una nyuzi 37, joto lake mwenyewe linatosha kumfanya mnywaji ahisi koo linaungua. Jua la mchana, pilipili, ndimu, tangawizi na pombe kali, vyote ambavyo Kiswahili kilishaviita kali, vina kipokezi kimoja kinachovipokea. Hilo halimfanyi mzungumzaji wa zamani kuwa mwanasayansi, ila linaonyesha kwamba mdomo wake haukukosea kuhesabu.

Sayansi hiyo ina faida jikoni. Aliyezidiwa na pilipili hukimbilia maji baridi, na maji hayamsaidii sana, kwa kuwa kapsaisini haiyeyuki vizuri ndani ya maji. Huyeyuka kwenye mafuta, na protini ya maziwa iitwayo kaseini huibandua kutoka mahali iliposhika. Glasi ya maziwa au bakuli la mtindi vinamfaa zaidi kuliko jagi zima la maji. Tui zito la nazi nalo, kwa mafuta yake, linapunguza nguvu ya pilipili katika mchuzi, jambo ambalo wapishi wa pwani hawakungoja kulisoma popote.

Ndege hawana shida hiyo. TRPV1 yao haishikwi na kapsaisini, kwa hiyo hula pilipili kichaa kama tunda lolote na kuzimwaga mbegu mbali na mti mama, wakati panya akionja mara moja hukoma.

Pilipili yenyewe ni mgeni Afrika Mashariki, ingawa leo ni vigumu kuufikiria mchuzi bila yake. Asili yake ni bara la Amerika, na ilienea pande za Bahari ya Hindi kwa meli za Wareno katika karne ya 16. Kabla ya hapo, ukali wa vyakula vya pwani ulitoka kwenye tangawizi na pilipili manga zilizokuja kwa majahazi. Mgeni alipofika akapewa jina la mwenyeji, na majina yakaendelea kuhama. Kamusi za zamani zinaieleza pilipili hoho kuwa ile nyekundu inayowasha. Leo, kwenye masoko mengi ya bara, hoho ni lile tunda kubwa la kijani, jekundu au la manjano ambalo mtoto anaweza kulitafuna bila kulia. Ukali umebaki kwa pilipili mbuzi na pilipili kichaa.

Namna ya kuupima ukali huo ilibuniwa Marekani mwaka 1912 na mfamasia Wilbur Scoville. Aliichanganya dondoo ya pilipili na maji ya sukari, akaendelea kuongeza maji hayo mpaka waonjaji wake wasihisi tena kuwashwa, na idadi ya mara alizozimua ndiyo ikawa kipimo. Hoho isiyowasha ina sifuri. Pilipili ndogo za jamii ya kichaa huhesabiwa kwa makumi ya maelfu, na zile za jamii ya habanero, ambayo ndiyo ya pilipili mbuzi, hupita 100,000. Kapsaisini tupu inafika karibu milioni 16. Siku hizi maabara hutumia mashine, ingawa jina la Scoville limebaki.

Nje ya jikoni, neno hili limefanya kazi nzito zaidi. Nchini Kenya, jua kali ni jina la sekta nzima ya uchumi. Lilitokana na mafundi wa Nairobi waliofua bati, waliochomelea vyuma na kutengeneza majiko, karai na masanduku ya wanafunzi bila paa juu ya vichwa vyao, hasa maeneo ya Gikomba na Kamukunji. Ripoti ya Shirika la Kazi la Kimataifa kuhusu ajira nchini Kenya, iliyotolewa mwaka 1972, ilisaidia kuutambulisha ulimwengu kwa kile kilichoitwa sekta isiyo rasmi, lakini mtaani jina lililoshika ni la jua. Takwimu za serikali zinaonyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya ajira za Kenya, ukiacha kilimo cha wakulima wadogo, ziko humo. Leo mtu anaweza kuwa wa jua kali akiwa amekaa ndani ya duka lenye feni. Tanzania hupendelea kusema nguvu kazi, na ndiyo sababu maonesho ya mafundi na wajasiriamali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yanabeba majina yote mawili: Jua Kali/Nguvu Kazi.

Serikali nazo hulihitaji neno hili zinapotoza kodi na kupiga marufuku. Bajeti hutenganisha bia na vinywaji vikali, kila kundi na ushuru wake. Tarehe 1 Machi 2017 Tanzania ilipozuia viroba, yaani pombe kali iliyofungwa kwenye vifuko vya plastiki, hakuna aliyehitaji ufafanuzi wa kali ni ipi. Darasani, wanafunzi wa kemia wanaijua asidi kwa jina la tindikali, na neno hilo limebeba onyo lake mkiani.

Kisha kuna upande wa chuma. Kisu kikinolewa kinakuwa kikali, na ule ukingo wake unaokata huitwa makali. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, husema wahenga, na hapo hakuna habari ya ulimi ila nyama. Kutoka kwenye kisu, makali yamehamia kwenye kila kinachokata maisha ya watu: makali ya njaa, makali ya ukame, makali ya bei ya unga. Katika vituo vya afya, dawa anazomeza kila siku mtu anayeishi na VVU zimezoeleka kama dawa za kupunguza makali ya virusi, au dawa za kufubaza. Jina hilo linamweleza mgonjwa jambo muhimu kwa ufupi: virusi bado vimo mwilini, ila uwezo wao wa kudhuru umeshushwa, na dawa zikiachwa unaweza kurudi.

Magazeti yana kali yao. Viongozi hawalaani tu; hulaani vikali. Msemaji akikanusha, naye hukanusha vikali. Polisi hutoa onyo kali na wazazi hutaka adhabu kali, huku mwalimu mkali wa hesabu akikumbukwa na wanafunzi wake miaka mingi baada ya yule mpole kusahauliwa.

Njia rahisi ya kuona upana wa neno hili ni kulitafutia kinyume. Kisu kisicho kikali ni butu. Mtu asiye mkali ni mpole. Chai isiyo kali ni nyepesi. Chungwa lisilo kali ni tamu, na pilipili isiyo kali ni ile isiyowasha. Kwa maumivu makali, kinyume ni maumivu madogo, au ya kuja na kupoa. Kwa jua, watu husubiri jioni ndipo waseme limepungua. Kila kitu kina kinyume chake, na kali moja inavikabili vyote.

Kwenye mageti ya Nairobi neno hili limegoma hata kufuata sarufi. Vibao vimeandikwa MBWA KALI kwa herufi kubwa, wakati mbwa, kama viumbe wengine wenye uhai, anadai upatanisho wa mkali. Vitabu vya shule vinasema hivyo, na walimu hulisahihisha kwenye insha. Vibao havijabadilika, na vimeshakuwa sehemu ya sura ya mji kiasi kwamba mtu akiandika "mbwa mkali" huonekana amehamia kutoka Tanzania.

Vijana wa miji ya Kenya na Tanzania wamelipeleka neno hili mbali zaidi. Ngoma kali ni wimbo unaopendwa, viatu vikali ni vile vinavyogeuza shingo za watu, na mkali wa mitindo huru ni msanii asiye na mpinzani kwa kughani papo kwa papo, hata akiwa mtu mtaratibu wa kusalimia wazee kwa heshima. Anayesimulia kisa cha kustaajabisha hukiita kali ya mwaka. Huenda sifa hiyo imetoka kwenye wembe na kisu, kwa maana ya kitu kilichonolewa kikafika, na sasa imerudi mezani ikiwa imegeuka. Kijana akisema biriani ya jana ilikuwa kali, mwenzake wa rika anaelewa kwamba ilikuwa tamu kupita kawaida, hata kama haikutiwa chembe ya pilipili. Mama yake akiyasikia maneno hayohayo akiwa chumba cha pili, atauliza ni nani aliyeizidisha.