Urembo Wetu Mbele ya Kamera (Sehemu ya Pili): Uani kwa Seydou Keïta

Katika sehemu ya kwanza tulizitazama postikadi zilizouzwa Afrika Magharibi mwanzoni mwa karne ya 20, hasa za Edmond Fortier, Mfaransa aliyekuwa na duka lake Dakar. Wengi wa waliopigwa picha zile hawakuandikwa majina. Chini ya sura ya mama mwenye haiba yake liliwekwa kabila lake tu, basi. Leo tunakwenda Bamako, kwa fundi aliyeifanya kamera imtumikie anayepigwa picha.

Seydou Keïta alizaliwa Bamako mwaka 1921, enzi ambazo Mali iliitwa Sudan ya Kifaransa. Alifunzwa useremala akiwa bado mtoto. Mwaka 1935 ami yake alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo aina ya Kodak Brownie, akampa. Kijana akaipenda kazi. Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule aliyekuwa pia mpigapicha, akamwonyesha namna ya kusafisha picha. Mwaka 1948 Keïta akafungua studio yake mtaa wa Bamako-Coura, jirani na stesheni ya reli itokayo Dakar. Mahali hapo palikuwa na baraka zake: wasafiri, makarani, wafanyabiashara na maharusi, wote walipita karibu.

Alipiga picha nyingi uani, kwa mwanga wa jua. Kwa kuwa vifaa vilikuwa ghali, kila mteja alipigwa mara moja tu, kwa hiyo mkao ulipangwa kwa makini kabla ya kubonyeza. Hakukuza picha. Karatasi ililazwa juu ya negativu, na picha ikatoka kwa ukubwa uleule, sentimita 13 kwa 18. Ndiyo maana ukiitazama unaona kila uzi wa kitambaa, kila suko la nywele na kila chembe ya hina mikononi.

Nyuma ya mteja lilitundikwa pazia. La kwanza lilikuwa shuka lake mwenyewe la kitandani, lenye matamvua. Baadaye akawa anabadilisha pazia kila baada ya miaka miwili au mitatu, na miaka mingi baadaye mapazia hayo ndiyo yaliyomsaidia kukumbuka picha ipi ni ya mwaka upi. Maua ya pazia yalikutana na maua ya gauni, na uso wa mwanamke ukachomoza katikati yake ukiwa umetulia, kilemba kimefungwa kwa ustadi, herini za dhahabu zikining'inia. Keïta aliwageuza watu kidogo upande, akawapanga mikono ili vidole virefu na pete vionekane. Alijua kwamba kwa watu wa Bamako mapambo hayo yalieleza mtu ametoka wapi na amefika wapi.

Studio ilikuwa pia na suti, tai, saa, kalamu, redio na pikipiki, na hata gari lake la Peugeot lilitumika. Mteja alichagua alichotaka kupigwa nacho. Najua msomaji atanikumbusha methali yetu, kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini hapa jambo ni jingine. Karani aliyeshika redio isiyo yake hakuwa anamdanganya jirani, maana majirani walizijua mali za studio ile. Alikuwa anatamka, mbele ya familia yake na vizazi vitakavyokuja, kwamba yeye ni mtu wa zama zake na ana haki ya kutamani. Serikali ya kikoloni ilimtaka apigwe picha kwa ajili ya kitambulisho, uso mbele, bila tabasamu. Uani kwa Keïta aliamua mwenyewe aonekane vipi. Huo ndio uzuri ninaousifu katika makala haya: uzuri unaoamuliwa na mwenye sura.

Mwaka 1962, miaka miwili baada ya uhuru wa Mali, Keïta alichukuliwa kuwa mpigapicha wa serikali, na studio ikafungwa. Alistaafu mwaka 1977. Negativu zake, maelfu kwa maelfu, alizitunza mwenyewe.

Kisha ikatokea ajabu. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York, na waandaaji wakaandika kwamba mpigaji hajulikani. Fundi ambaye Bamako nzima ilimjua, na ambaye aligonga muhuri wa jina lake nyuma ya picha za wateja, alikuwa hai, yuko nyumbani kwake! Alitafutwa, akapatikana, na mwaka 1994 wakfu wa Cartier jijini Paris ukamfanyia maonyesho yake peke yake. Alifariki mwaka 2001 akiwa ametambuliwa kuwa miongoni mwa wapigapicha wakubwa wa karne yake.

Jina la Keïta limerudi. Majina ya wengi aliowapiga picha hayajarudi. Wamekuzwa wakatundikwa katika majumba ya sanaa, watazamaji wanausifu urembo wao, lakini hawajui ni mama wa nani au baba wa nani. Postikadi za Fortier ziliwanyima watu majina kwa makusudi. Sisi tunaweza kuwanyima wetu kwa uzembe tu. Kama nyumbani mna albamu ya zamani, kaa na bibi au shangazi angali na kumbukumbu. Muulize nani ni nani, nguo ile ilishonwa wapi, sherehe ilikuwa ya nani. Andika nyuma ya kila picha kwa penseli. Kuenzi uzuri wa Waafrika kunaanzia hapo, kwa kumtaja mtu kwa jina lake.

Wiki ijayo: mpigapicha Malick Sidibé, vijana wa Bamako na dansi za baada ya uhuru, na jinsi alivyofika Venice mwaka 2007 kupokea tuzo ya Simba wa Dhahabu.