Vipande vinavyofagiliwa kwa fundi: namna ya kupata patroni ya kinu cha upepo na kuiunga

Jioni, fundi akishamaliza kazi, chini ya mashini kunabaki kilima kidogo cha vipande vya kikwembe: pembe za mikono ya blauzi, ukingo wa sketi, kakipande kalikokatwa vibaya. Mu Birere ao mu Majengo vipande hivyo vina njia tatu tu. Vingine vinajaza mito ya kulalia, vingine vinawashia mbabula, vingine vinaenda na takataka.

Kuna njia ya ine, na mu Goma ina maana yake. Muji uko karibu metre 1500 juu ya usawa wa bahari, na mu nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya volkeno, baridi ya usiku inaingia toka chini. Wakati kambi za wakimbizi wa ndani kama Bulengo na Lushagala zilipofumuliwa mu Februari 2025, jamaa nyingi ziliondoka na kile tu walichoweza kubeba. Blanketi ni kati ya vitu vya kwanza kukosekana. Vile vipande vya kufagia, vikiungwa vizuri, vinaweza kufunika mtoto. Vikiungwa vibaya, ni siku tatu za kazi na uzi mzima vimepotea, juu kitu kilichopindika hakitandikiki na hakinunuliwi.

Kati ya mitindo yote ya kuunga vipande, ule unaoitwa kinu cha upepo ni wa kuanzia. Unafanana na kale kachezeo ka karatasi watoto wanachomeka kwenye kijiti na mwiba, kiisha wanakimbia nako ili upepo ukazungushe. Kwa macho inaonekana kazi ngumu. Kwa kweli ni kare nne tu, na kila kare imegawanyika pembe kwa pembe: nusu rangi nzito, nusu rangi nyepesi.

Watu wengi wanafikiri kazi hii ni ya Wazungu. Ni kweli kwamba wamama wa Uingereza na Marekani wanaishona tangu zamani. Lakini hapa kwetu Kongo, Wakuba wa Kasai walikuwa wanaunga vipande vidogo vya pembe tatu vya maganda ya miti, vyeusi na vyeupe, mpaka vinakuwa sketi nzima. Nguo zao leo zimehifadhiwa mu nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani. Hata zile sketi zao za rafia zina viraka vilivyoshonwa juu, na wanaozichunguza wanasema viraka vilianza kwa kuziba matundu, kiisha vikawa pambo. Kwa hiyo anayeunga pembe tatu mu Goma haigi mtu.

Patroni iko wapi?

Patroni hii hainunuliwi. Inasomwa kwenye kitambaa kilichokwisha kushonwa, ao hata kwenye picha ya telefone. Shida ni kwamba kuvreli nzima inachanganya macho: mtu anaona nyota, anaona mishale, hajui ianzie wapi. Dawa yake ni kutafuta nukta ambapo pembe nyingi zinakutana. Weka kidole pale na uzunguke kama saa. Ukihesabu pembe tatu nane, nzito, nyepesi, nzito, nyepesi, bila rangi moja kugusana ubavu na ndugu yake, umepata katikati ya kinu. Toka pale, kare mbili kwenda pembeni na mbili kwenda chini, patroni imekwisha.

Kuhesabu huko si mchezo, juu kare zilezile nne zinaweza kutoa kitu kingine kabisa. Geuza moja kidogo tu, ule mstari wa pembe kwa pembe haufiki tena katikati. Geuza mbili kichwa chini, rangi mbili zinagusana na unapata kitu kama saa ya mchanga. Ndiyo maana inafaa kuchora kwanza. Karatasi ya daftari ya hesabu, ile ya vikare, inatosha: chora kare moja kubwa, igawe ine, piga mistari yote ine ikutane katikati, paka biki ya bluu kwenye nusu moja, acha nyingine nyeupe. Karatasi hiyo ikae karibu na mashini mpaka mwisho wa kazi.

Kukata na kushona

Sasa vipimo. Tuseme kila kinu kikiisha kiwe na santimetre 20 kila upande. Kila kare ndogo itakuwa 10 ikiisha kushonwa. Mshono ukichukua milimetre saba na nusu, kare hiyo kabla ya kuungwa na wenzake inapaswa kuwa na 11.5. Kwa kuipata, kata kitambaa kwa santimetre 13, si chini. Inaonekana ni kupoteza, lakini ile nusu santimetre inayobaki ndiyo inaokoa mtu ambaye mkono wake ulitetemeka.

Kitambaa kifuliwe mbele ya kukatwa. Kikwembe kipya kinaweza kunywea, na rangi nyekundu ao ya bluu nzito inaweza kutoka na kuchafua nyeupe siku ya kwanza ya kufua mu ziwa. Kama ni chepesi sana, kipitishe mu uji mwepesi wa muhogo, kikauke, kipigwe pasi. Kinakuwa kigumu kidogo na kinatii makasi.

Kosa la wanaojifunza ni moja: wanakata pembe tatu kwanza, kiisha wanaunga. Kitambaa kikikatwa kufuata uzi wake hakivutiki sana, lakini kikikatwa pembe kwa pembe kinavutika kama mpira. Pembe tatu ikipita chini ya mguu wa mashini inarefuka, na kare inatoka imepindika. Kwa hiyo mtu anashona kwanza, anakata nyuma. Lalisha kare nzito juu ya kare nyepesi, uso kwa uso. Kwa rula na kipande cha sabuni, piga mstari toka pembe moja mpaka ingine. Shona upande huu wa mstari, milimetre saba na nusu toka kwake, kiisha shona upande wa pili vilevile. Sasa kata juu ya mstari wenyewe. Ukifungua unapata kare mbili zilizokwisha kuungwa, na ule upande unaovutika umefungwa na uzi mbele makasi haijaugusa. Kare mbili nzito na mbili nyepesi zinatoa kinu kimoja.

Piga pasi ukielekeza mshono kwenye rangi nzito. Bonyeza, usivute. Na kwa wenye pasi ya makaa, wale wanaojua umeme wa muji huu, pangusa chini ya pasi na ujaribu kwenye kitambara kingine kwanza, juu majivu kwenye kitambaa cheupe hayasamehe. Kiisha punguza kila kare mpaka 11.5, ule mshono ukipita sawasawa mu pembe mbili.

Panga zile nne kufuata karatasi. Shona mbili za juu, shona mbili za chini, kiisha unganisha. Katikati ndipo kazi inaonekana, juu pembe nane zinakutana na kitambaa kinapanda kama kifundo. Mishono ya juu na ya chini ikilala kila mmoja upande wake, inashikana yenyewe; weka pini pale na ushone polepole. Nyuma yake, fungua nyuzi mbili tatu za mshono mfupi karibu na katikati, na ufungue ule mkusanyiko kama ua kabla ya pasi. Kifundo kinalala.

Kuhusu rangi, kikwembe kina hila. Michoro yake ni mikubwa, na ukiikata vipande vidogo, kimoja kinatoka chekundu, kingine cha manjano, toka kitambaa kilekile. Afazali upande wa nyepesi uwe kitambaa kimoja kisicho na maua, hata shuka ya zamani iliyo nzima, na vipande vya fundi viwe upande wa nzito. Ukiwa na mashaka, piga picha ya vipande na telefone uigeuze nyeusi na nyeupe. Vikionekana sawa, kinu hakitazunguka.

Kwa blanketi ya mtoto ya santimetre 100 kwa 140 kunahitajika vinu 35: safu 7 za vinu 5. Hiyo ni kare 70 nzito na 70 nyepesi. Zile nyepesi zinatoka kwenye kitambaa cha upana wa santimetre 120, urefu wa metre moja na kitu kidogo. Kwa mgongo, kikwembe kimoja cha yadi mbili kinatosha, na ndani unaweza kuweka blanketi iliyochakaa, halafu ushone kupita tabaka zote tatu ili zisitembee. Angalia kila kinu kizunguke upande mmoja na wenzake. Kimoja kikirudi nyuma kati ya 35, jicho linakwenda kwake tu.

Kuuzisha ni habari ingine. Wageni waliokuwa wananunua vitu vya kikwembe wamepunguka, na uwanja wa ndege ulifungwa mwisho wa Januari 2025. Anayetaka franga, aanze na vitu vidogo, kama uso wa mto. Na mnunuzi anayejua kazi hataangalia maua. Atageuza nyuma, atapitisha kidole katikati ya kinu, aone kama kuna kifundo.