Alama na Umbali katika Reli ya Mjini

Fundi wa reli akiarifiwa kuwa hitilafu imetokea "kwenye kilomita 40", hana budi kujua kwanza kilomita hizo zinahesabiwa kutoka wapi. Katika reli ya chini ya ardhi ya London, jibu huwashangaza wengi. Kilomita zake huhesabiwa kutoka Ongar, kituo kilicho nje ya jiji, ambacho treni za mtandao huo ziliacha kukihudumia mwaka wa 1994. Huduma ilikoma, lakini sifuri ilibaki pale pale, kwani kuihamisha kungelazimu kubadilisha nambari za alama zote pamoja na kumbukumbu zinazozitegemea.

Ikumbukwe kuwa nambari iliyo kwenye alama si urefu wa safari bali ni anwani. Umbali kati ya vituo viwili hupatikana kwa kutoa nambari ndogo katika kubwa. Kwa mfano, Epping iko takriban kilomita 10 kutoka Ongar. Kutoka Epping hadi West Ruislip, kikomo cha magharibi cha njia ya Central, ni kilomita 54.9. Kwa hivyo West Ruislip iko karibu kilomita 65 kutoka sifuri, ilhali abiria aliyepandia Epping hasafiri kilomita hizo zote. Aidha, vipimo hivi hufuata mapindo ya reli, wala si mstari ulionyooka kwenye ramani.

Hata hivyo, kanuni hii ina mpaka. Kati ya Woodford na Leytonstone pana njia mbili: moja fupi kupitia Snaresbrook, na nyingine ya kuzunguka kupitia Hainault. Nambari zilizopimwa kwa kufuata njia fupi haziwezi kutoa urefu wa ile ya mzunguko. Hiyo sharti ipimwe peke yake. Fundi asipoelezwa ni njia ipi, huenda akaenda upande usio na hitilafu huku abiria wakisubiri.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, funzo limo katika maneno. "Umbali wa kilomita 10" ni kiasi; "alama ya kilomita 10" ni mahali. Kauli "kituo kiko kilomita 10" haijakamilika mpaka chanzo cha kipimo na njia iliyofuatwa vitajwe. Bila hayo, sentensi yaweza kuwa sanifu kisarufi, lakini ikampotosha anayeitegemea kazini.