Aseniki: kutoka kambi ya Kigarama hadi wodi ya saratani

Watu wa Kagera, Tanzania, walidungwa aseniki kama dawa zaidi ya karne moja iliyopita. Mwaka 1907 Wajerumani walifungua kambi ya wagonjwa wa malale huko Kigarama, katika ufalme wa Kiziba, kaskazini mwa Bukoba. Miongoni mwa wagonjwa walikuwamo wanaume waliokwenda kufanya kibarua Uganda wakarudi na vimelea kwenye damu. Ng'ambo ya maji, katika visiwa vya Sese, daktari Mjerumani Robert Koch, aliyekuwa ametunukiwa Nobel mwaka 1905, alikuwa akiwadunga mamia ya watu atoksili, dawa iliyotengenezwa kwa aseniki. Mwanzoni ilionekana kama muujiza: tezi za shingo zilinywea, waliokuwa wakisinzia mchana kutwa wakaamka. Koch akaongeza kipimo. Ndipo macho ya baadhi ya wagonjwa yakaanza kufifia, na wapo waliopofuka kabisa, kwa kuwa dawa ilikuwa imeharibu mshipa wa fahamu wa jicho. Na dawa iliposimamishwa, vimelea vikarudi.

Madaktari wale walijua kwamba aseniki inaua. Wasichokijua ni mahali inaposhika ndani ya mwili. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya Kigarama ya 1907 na wodi za leo, ambako aseniki ya umbo jingine inaponya aina moja ya saratani ya damu.

Aina hiyo ni lukemia kali ya promailositi. Kila siku uboho wa mifupa huzalisha seli nyeupe changa ambazo hukomaa, hufanya kazi yake ya ulinzi, kisha hufa. Katika ugonjwa huu, kromosomu namba 15 na namba 17 hukatika na kubadilishana vipande. Jeni mbili zisizohusiana, PML na RARA, hujikuta zimeungana, na protini inayotokana na muungano huo huzuia seli zisikomae. Uboho hufurika seli changa, kama mbuni uliosheheni kahawa za kijani zisizoiva, na chembe nyingine za damu hukosa nafasi. Baya zaidi, seli hizo huvuruga mfumo wa kugandisha damu. Mgonjwa hutoka damu kwenye fizi, puani, chini ya ngozi, na mara nyingi kinachomuua ni damu kuvuja kwenye ubongo, siku chache tu baada ya dalili kuonekana.

Aseniki hupenda salfa. Ikiingia mwilini kwa wingi, hung'ang'ania salfa iliyomo kwenye vimeng'enya vinavyozipa seli nguvu, na mtu hufa. Kumbe ule upande wa PML wa protini iliyounganika nao una vituo vya salfa. Aseniki ikijibandika hapo, protini hujikusanya mabonge, seli huibandika alama za kuitupa, kisha huisagasaga. Kizuizi kikiondoka, seli changa hukomaa au hufa. Tretinoini, dawa ya vidonge ya jamii ya vitamini A, hushika upande wa pili, ule wa RARA. Zikitolewa pamoja, protini hiyo hushambuliwa ncha zote mbili. Kinachoua na kinachoponya ni tabia moja ya aseniki, na kwa kweli sijui dawa nyingine inayoonyesha jambo hili waziwazi kiasi hiki.

Ugunduzi huu ulianzia kwa tabibu wa jadi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari wa Harbin, kaskazini mashariki mwa China, walisikia habari za mchanganyiko wa aseniki, zebaki na sumu ya chura uliokuwa ukitumika vijijini kutibu saratani. Mfamasia Han Taiyun akaugeuza kuwa sindano. Daktari Zhang Tingdong akachambua kiungo kimoja kimoja, akabaini kwamba kinachofanya kazi ni aseniki, tena zaidi kwa wagonjwa wa lukemia hii. Matumizi ya tretinoini dhidi ya lukemia hii nayo yalitoka Shanghai, kwa Wang Zhenyi, katika miaka ya 1980. Marekani iliidhinisha aseniki mwaka 2000. Utafiti wa Italia na Ujerumani uliochapishwa mwaka 2013 ulihusu wagonjwa ambao ugonjwa wao haukuwa wa hatari ya juu: waliopewa dawa hizi mbili bila kemotherapi, asilimia 97 walitimiza miaka miwili bila ugonjwa kurudi na bila kufa. Kwa waliopewa tretinoini pamoja na kemotherapi ilikuwa asilimia 86.

Kipimo ni miligramu 0.15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 hupata miligramu 9, kwa dripu, huku moyo ukipimwa mara kwa mara kwa sababu aseniki huweza kuvuruga mapigo yake. Si kitu cha kukorogewa kwenye chupa na mtu yeyote.

Sasa mtu wa Ijumbi, wilayani Muleba, akipata ugonjwa huu, itakuwaje? Ataanza na homa, uchovu na kupauka. Muleba imewahi kukumbwa na milipuko mikali ya malaria, kwa hiyo ni haki mhudumu kuwaza malaria kwanza. Akianza kutoka damu, Kagera ya leo itawaza homa ya virusi vya Marburg, iliyozuka Bukoba Vijijini Machi 2023 na Biharamulo Januari 2025. Kumtenga mgonjwa ni sahihi. Ninachohofia ni kwamba majibu ya Marburg yakitoka hasi, watu watashusha pumzi na kumrudisha nyumbani.

Hadubini inayotafuta vimelea vya malaria inaweza kuibua shaka ya ugonjwa huu. Kwenye slaidi iliyotiwa rangi, seli hizi huonekana kubwa, zimejaa punje, na baadhi zimebeba vijiti vyembamba vilivyofungana kama kuni. Miongozo ya kimataifa inaelekeza tretinoini ianze mara daktari anaposhuku, kabla ya majibu ya vinasaba. Mgonjwa ataendelea na safari ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeifupisha. Tretinoini iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015, aseniki ikafuata mwaka 2019. Dripu ya aseniki ni kazi ya hospitali kubwa. Vidonge vya tretinoini havihitaji jokofu, na kopo moja linapaswa kuwepo katika hospitali kama ya Rubya, hukohuko Muleba, ili dozi ya kwanza imezwe kabla gari la wagonjwa halijawashwa.